Baba akiondoka sura ya tano, kicheko kiende wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Ninaandika riwaya ya kuchekesha, na mengi nimeyachukua nyumbani kwetu. Msimulizi ni binti wa miaka 13. Baba yake amefukuzwa kazi lakini hajamwambia mtu. Kila asubuhi anavaa, anabeba mkoba, anatoka. Binti anaamini baba amepandishwa cheo na kupewa kazi ya siri, na anatamba nayo shuleni. Sura nne za kwanza niliwasomea marafiki, wakacheka mpaka machozi. Sura ya tano siri inafichuka, wazazi wanagombana, baba anahama. Hapo kitabu kinaniharibikia. Nikiweka vichekesho naonekana sina huruma, nikiviondoa kinageuka kitabu kingine, kizito, na marafiki wanapiga miayo. Je, nikubali kwamba mambo haya hayachekeshi? Na jambo la pili linaninyima usingizi: mama yangu akisoma atajiona."

Marahaba, mwanangu.

Sura zako nimezisoma kwa sauti, peke yangu chumbani, maana ucheshi ni kama wimbo, ukiusoma kimoyomoyo hujui unapokosea mapigo. Sura nne za kwanza zimesimama. Pale binti anapoandika kwamba baba ameacha kumlalamikia bosi wake, "na mtu aliyekula kiapo cha siri hawezi kulalamika," nimecheka kweli. Pale anapoona soli za viatu vya baba zimelika, akahitimisha kwamba makao makuu yana ngazi nyingi, nimecheka tena, halafu nikamwona mzee wa watu akizunguka kutwa nzima bila pa kwenda, na kicheko kikanikwama kooni. Sentensi moja imefanya kazi mbili. Kipaji hicho unacho tayari, na ndicho kitakachokuvusha.

Kwa hiyo usikubali. Kufukuzwa kazi, ugomvi wa wazazi, nyumba kugawanyika, yote haya yanabeba ucheshi na yamewahi kuubeba. Kilichokuharibikia ni kitu kingine.

Jiulize msomaji wako anacheka kwa nini katika zile sura nne. Hakuna aliyeteleza wala kuanguka. Anacheka kwa sababu anajua jambo ambalo binti halijui. Ushahidi wote binti anao: mkoba, viatu, ukimya wa baba mezani, simu inayokatwa yeye akiingia sebuleni. Akili anayo pia, tena nyingi. Anachokosa ni ujasiri wa kuufuata ushahidi huo hadi unakoelekea, kwa hiyo kila siku anaupinda kidogo ili uelekee anakotaka yeye. Kati ya anachokiona na kinachotokea kuna pengo, na ucheshi wako wote unaishi humo. Darasani wanakiita kinaya. Mimi nitaendelea kuliita pengo, kwa sababu nataka ulipime upana wake, sura kwa sura.

Sasa fungua sura ya tano. Ukurasa wa pili umeandika: "Siku hiyo nikajua kila kitu." Pengo umelifukia kwa maneno matano. Kuanzia hapo msimulizi anajua sawasawa na msomaji, wote wawili wamekaa wanautazama msiba mmoja, na hakuna wa kumchekesha mwenzake. Ndiyo maana ukaanza kutafuta vichekesho nje ya nyumba. Yule jirani anayetumbukia mtaroni na baiskeli yake ametoka wapi? Hajawahi kutajwa kabla, na hatajwi tena baadaye. Ni kichekesho cha kukodi, na msomaji anajua. Marafiki zako waliposema huna huruma, nadhani hawakuchukizwa na kicheko chenyewe. Walichukizwa kwa sababu kicheko kilitoka kwa jirani wakati maumivu yapo kwa baba.

Tena sentensi ile si ya kweli. Binti wa miaka 13 hajui kila kitu kwa siku moja. Huyu ametamba darasani miezi mitatu. Amewaahidi wenzake kwamba siku moja gari lisilo na namba litakuja kumchukua baba. Ana hadhi ya kulinda, ana maadui wanaosubiri aanguke, na zaidi ya yote ana baba anayempenda. Mtu wa namna hiyo akikuta nadharia yake imevunjika, haitupi. Anatafuta gundi. Baba amehama? Ametumwa safari ya kikazi. Mama analia? Hawaruhusiwi kuandikiana. Baba ameonekana kwenye benchi ya bustani saa nne asubuhi? Yuko kazini, anampeleleza mtu. Kila kiraka kinachekesha zaidi ya kilichotangulia, na kila kiraka kinauma zaidi, kwa kuwa safari hii tunamwona akishona.

Riwaya ya aina yako wahakiki wanaiita riwaya ya makuzi, na kwa upande wa ucheshi makuzi ndiyo huko kufungwa kwa pengo. Mwanzoni mtoto haoni kitu na sisi tunamcheka. Mwishoni anaona kama sisi, pengine kutuzidi, na yeye ndiye anayefanya mzaha. Kati ya hapo na pale kuna kitabu kizima. Wewe umelifunga pengo ukurasa wa 90, na una kurasa 160 zilizobaki ambazo hazina kazi.

Mwaka 1900 mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson alichapisha kitabu kidogo kuhusu kicheko. Humo alisema kicheko kinahitaji moyo upigwe ganzi kwa muda, kwa sababu tukimhurumia mtu hatuwezi kumcheka. Kwa vichekesho vingi yuko sahihi. Kwa ucheshi wa familia nadhani ameishia katikati ya njia, maana hapa ganzi lazima ianze kuisha huku tunaendelea kucheka. Unaijua ile hali baada ya kung'olewa jino, mdomo bado mzito, ulimi unagusa pengo na unaanza kuhisi ukingo wake? Sura yako ya tano inatakiwa iwe saa hiyo. Sindano ulichoma wewe sura ya kwanza, na ni wewe unayeamua dawa iishe lini.

Nitakuonyesha kwa kitu kilichomo kitabuni mwako. Sura ya pili ulimleta mdogo wake, mtoto wa miaka sita anayeuliza maswali, kisha ukamsahau kabisa. Mrudishe. Usiku ule baba alipoondoka, futa kurasa zote mbili za kulia, uweke hawa wawili peke yao. Nimejaribu hivi, nawe utaandika vizuri zaidi kwa sababu unawajua:

Mdogo wangu aliuliza baba yuko wapi. Nikamwambia amesafiri kikazi.

"Mbona ameacha mkoba?"

Mkoba sikuwa nimeufikiria. Ulikuwa pale pale nyuma ya mlango, umesimama wima kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

"Huko alikokwenda wanagawa mikoba."

"Mizuri?"

"Ina kufuli la namba."

Akawaza. "Namba gani?"

"Siri."

Akaridhika, akageukia ukutani, akalala. Mimi nikabaki macho nikitafuta namba ambayo baba angeichagua. Nikaanza na tarehe yangu ya kuzaliwa. Nilikuwa nimefika kwenye tarehe ya mama ndipo nikakumbuka kwamba mkoba huo haupo.

Tazama kilichotokea. Pengo lipo bado, limehamia kwa yule mdogo. Aliyekuwa akichekwa sasa ndiye anayetunga. Uongo wa baba ameurithi, na anausema kwa sababu ile ile ya baba: kumkinga mtu anayempenda. Hujaandika popote kwamba amekua, wala kwamba anateseka. Msomaji amecheka kwenye kufuli la namba, na mstari wa mwisho umemkuta bado ana meno nje. Hapo hakuna atakayekuambia huna huruma.

Ukifanya hivyo, yale ya nadharia na viraka yatahitaji kupangwa upya. Sura ya tano na ya sita aweke viraka akiwa bado anaamini nusu. Tukio la mkoba lisogee hadi sura ya saba au ya nane, pale ambapo yeye mwenyewe ameshajua lakini hajakiri. Kwa sasa baba wako anahama upesi mno baada ya siri kufichuka. Mpe wiki mbili tatu za kulala sebuleni "kwa sababu ya mgongo".

Kuhusu ugomvi wenyewe. Umeandika kurasa nne za wazazi wakipigiana kelele, na kila mmoja anasema hasa kinachomuuma. Watu hawagombani hivyo. Wakiwa na jambo kubwa lisilosemeka hugombania dirisha: nani aliliacha wazi, nani huliacha wazi kila siku, nani katika ukoo wao ana tabia ya kuacha madirisha wazi.

Nyumbani kwetu, nilipokuwa na miaka tisa, wazazi wangu walinuniana majuma kadhaa. Hawakusemeshana hata neno, ila kwa kupitia kwangu, huku wamekaa meza moja. "Mwambie baba yako aninyooshee hilo gazeti." Gazeti liko mbele ya baba, mama yuko umbali wa mkono mmoja, nami nimekaa katikati. Nikageuka: "Baba, mama anasema umnyooshee gazeti." "Mwambie sijamaliza." Siku za kwanza nilifikisha kila neno kama lilivyo, kwa uaminifu wa tarishi. Juma la pili nikaanza kuhariri. "Mwambie sijamaliza" ikawa "Baba anasema subiri kidogo, mpenzi." Mama akanitazama. Baba akanitazama. Hakuna aliyeweza kunikanusha bila kumsemesha mwenzake, nami nikaligundua hilo, nikazidi kuongeza chumvi. Siku ya tatu ya uhariri wangu baba alicheka kwanza.

Nakusimulia hili ili uone kicheko kinapotoka. Sikuongeza kitu chochote kwenye ugomvi ule, wala jirani hakuhitajika. Ugomvi ulikuwa na kanuni zake, mtoto akazijua, akazitumia. Kila nyumba yenye shida hujitungia kanuni za ajabu namna hiyo, na watu wazima wanazifuata kwa uso mkavu. Kaa chini uandike kanuni za nyumba yako ya kwenye kitabu. Ni mlango gani haufungwi, ni jina gani halitajwi, ni kiti gani hakikaliwi tangu baba aondoke? Binti atazitii zote, halafu siku moja atavunja moja makusudi.

Jambo lingine dogo lakini litakusaidia sana: usahihi. Mwandishi Mwingereza Sue Townsend alipochapisha shajara ya kubuni ya Adrian Mole mwaka 1982, alimpa kijana huyo miaka 13 na robo tatu. Hiyo robo tatu ndiyo kijana mwenyewe, mtu anayehesabu miezi ili asiitwe mtoto. Na katika shajara hiyo hiyo msomaji anatambua mapema kinachoendelea kati ya mama na jirani wa kiume, wakati kijana anaandika yote anayoyaona bila kuunganisha. Wewe umeandika binti yako "alisubiri muda mrefu dirishani." Dakika ngapi? Yeye angehesabu. Angeandika dakika 47, na angeeleza kwamba tatu kati ya hizo hazihesabiki kwa kuwa alikwenda chooni.

Kuhusu muda wa usimulizi sitakuchosha: baki na nafsi ya kwanza, tena karibu na tukio. Ukimfanya mtu mzima anayekumbuka, atakuwa amekwisha kuelewa, na kila mara atashawishika kumfafanulia msomaji.

Sasa wazazi. Baba wa kitabuni mwako anaelekea kuwa kichekesho tupu, na mama ana hekima tupu. Wote wawili ni wahusika bapa, yaani wenye sura moja tu, kila mmoja kwa upande wake. Mtu anayechekesha katika familia lazima awe na jambo analolitaka kwa dhati. Baba anataka nini anapopiga pasi shati usiku wa manane kwa ajili ya siku ambayo hana miadi yoyote? Muda wote huo anapigania heshima yake mbele ya binti yake. Muandike akiinyoosha kola ile taratibu, mara mbili, na usimdhihaki hata kidogo. Kicheko kitakuja chenyewe, na kitakuwa na staha.

Mama naye ana nafasi ambayo nadhani hujaiona. Je, kama alijua tangu juma la pili? Hakuna mke asiyetambua kwamba mshahara haujaingia. Kama alijua, basi kila asubuhi aliyompangusa vumbi begani na kumwambia "wasalimie wenzako," alikuwa anaigiza, na baba alikuwa anaigiza, na binti peke yake ndiye aliyekuwa akiishi kwa ukweli wake. Nyumba njema si mlango. Fungua hapo uingie ndani, utapata ugomvi wa sura ya tano bila kuulazimisha, kwa sababu siku siri inapofichuka kinachomuuma baba zaidi ni kugundua kwamba mkewe alijua na akanyamaza.

Nije kwenye mama yako wewe, mwanangu, maana naona ndilo swali lenyewe.

Mwandishi wa riwaya Mwingereza Charles Dickens alikuwa na miaka 12 mwaka 1824, baba yake John alipofungwa katika gereza la Marshalsea, London, kwa sababu ya deni. Mtoto alikuwa amekwisha kupelekwa kiwandani kubandika lebo kwenye makopo ya rangi ya viatu. Jambo hilo lilimwaibisha kiasi kwamba alilificha karibu maisha yake yote. Umma ulilijua mwaka 1872, yeye akiwa amekwisha kufariki, katika wasifu ulioandikwa na rafiki yake John Forster. Lakini katika riwaya yake "David Copperfield", iliyotoka sehemu kwa sehemu kati ya 1849 na 1850, baba yule yupo. Ni Bwana Micawber, mdaiwa wa kudumu mwenye maneno makubwa. Wadai wakimpigia kelele mlangoni anazama katika huzuni kuu, na haipiti nusu saa anang'arisha viatu na kutoka huku anaimba kwa sauti ya chini. Hesabu yake ya furaha imedumu kuliko hesabu za wachumi wengi: kipato cha mwaka pauni 20, matumizi pauni 19, shilingi 19 na peni 6, matokeo yake furaha, ongeza matumizi yafike pauni 20 na peni 6, matokeo yake dhiki. Anaijua hesabu kwa peni, na bado anafungwa.

Lakini angalia Dickens alichofanya. Bwana Micawber hakumwandika kuwa baba. David ni yatima anayepanga chumba kwa familia ya Micawber. Kwa kuhamisha uhusiano huo mmoja, mwandishi alipata nafasi ya kumcheka baba yake bila kumkosea adabu, na kumpenda bila kumsamehe kila kitu. Mtoto wa mdaiwa angekuwa na hasira, mpangaji anaweza kumtazama kwa mshangao. John Dickens alikuwa hai riwaya ilipokamilika. Alifariki mwaka 1851.

Kwa hiyo kubadilisha majina na kazi za watu hakutoshi, ndugu hujitambua hata ukiwavisha kofia. Hamisha uhusiano. Huenda mama yako kitabuni awe shangazi anayeishi nao, au maneno yake makali apewe bibi na ukarimu wake abaki nao mama. Jaribu ukurasa mmoja tu. Ukiona mkono umekuwa mwepesi, umepata. Na kila unapoandika udhaifu wake, hakikisha binti naye ana udhaifu wake ukurasa huo huo. Mzazi anayeona mwanawe amejianika pia hukasirika kidogo tu.

Usingoje kitabu kichapishwe. Ukishaandika tukio la mkoba kwa maneno yako, mtafute mama siku ametulia, umsomee hilo peke yake, kwa sauti. Usimweleze kwanza linahusu nini. Akicheka kwenye kufuli la namba, endelea hadi mwisho. Akinyamaza, weka karatasi chini nawe unyamaze. Inawezekana kuna jambo kuhusu mkoba ule wa kweli ambalo hakuna mtoto aliyewahi kuambiwa, na miaka yote hii amekuwa akisubiri kuulizwa.